Makala Nne za Wanawake Watatu

Kila mwaka shule zikifunguliwa, kuna kijana mmoja au wawili wanaobisha mlangoni kwangu hapa Mutoshi, wamekumbatia makaratasi, na kabla hata ya kuketi wanauliza: "Mama Docta, ni kweli ulifanyaka teze bila kuandika kitabu?" Ni kweli, na si kweli. Niliandika makala nne, nikazifunga pamoja, nikaziita teze, yaani tasnifu ya udaktari, na nusura zinitoe jasho la damu mbele ya watu. Nimechoka kumsimulia mmoja mmoja huku chai ikipoa. Basi kaeni wote, niseme mara moja.

Onyo kwanza. Mimi nimezaliwa hapa Kolwezi, wazazi wangu walitoka Kasai, na Kiswahili changu cha nyumbani ni kile cha "mi" na "we". Humu nitaandika kile cha kitabu, kwa sababu masista walinichapa sana nikijifunza na sitaki fimbo zile zipotee bure. Lakini watu wakisema, nitawaachia midomo yao; mkisikia "njo" ni "ndio", "shi" ni "sisi", na "batu" ni "watu".

Kazi yangu ilikuwa povu. Msicheke! Miaka yote ya Zaïre niliamka asubuhi kwenda kutazama povu. Jiwe la kijani kutoka machimbo ya Mashamba linasagwa mpaka liwe unga. Unga unachanganywa na maji na mafuta, hewa inapulizwa kutoka chini, povu linapanda. Mambo yakienda sawa, shaba inashikamana na povu, udongo unabaki chini, unakomba povu, kazi imekwisha. Mambo yakienda vibaya, shaba inabaki chini na udongo, na anayepanda juu ni mkuu wa kiwanda, kwa hasira.

Na mafuta yenyewe mnajua yalikuwa gani? Mawese. Haya haya ya kupikia sombe, majani ya mihogo. Tulikuwa tunayapika kwanza na soda ya unga, tunayaongezea dizeli kidogo, lakini mama yao ni mchikichi. Jirani yangu wa wakati ule, Mama Ngalula, alipopata habari alikuja hadi uani kwangu, mikono kiunoni.

"Aka! Kumbe njo juu ya ile mawese iko bei kali ku soko! We na benzako munapakaa majiwe mafuta, shi batu tunakula sombe kavu!"

Nilimpa chupa moja ya yale ya maabara ili tupatane. Alirudi kesho yake akisema hayafai kupikia ila yanafua nguo vizuri ajabu. Hapo hakukosea, kwani tulichokuwa tunapika pale kilikuwa ndugu wa sabuni.

Nanyi mnaoingia viwandani sasa na mashine zinazosoma kila kitu, nawapa hili bure: jifunzeni kutazama povu kwa macho. Viputo vikiwa vikubwa na vinapasuka upesi, mafuta hayatoshi. Povu likiwa zito kama uji na halitaki kupasuka, mmezidisha. Likiwa zuri lakini halina rangi ya kijani, usilisifie, limebeba udongo mtupu. Mashine ikiharibika, na itaharibika, macho yenu yatabaki.

Sasa turudi kwenye teze. Promota wangu, yaani profesa aliyenisimamia kule Lubumbashi, alikuwa Profesa Kasongo, mtu wa kaskazini, mfupi, mwenye sauti ya kuhubiri. Nilikuwa nimeshatoa makala moja nilipomwendea kumwambia kwamba nataka kuwa docta lakini kampuni yetu ya shaba haitanipa ruhusa ya miaka mitatu kukaa chuoni. Nilitegemea aseme basi, vumilia. Alikuna kidevu.

"Kapinga, miaka tatu hauna. Lakini dimanche moja moja uko nayo, haina vile? Mu ile dimanche moja moja mutu anaweza kuandika artikle. Andika nyingine tatu. Kiisha tutafunga."

Makala za Jumapili, basi, na sheria ya chuo iliruhusu. Ila pale kwetu hakuna aliyewahi kuitumia; ilikuwa kama zile sahani nzuri za kabatini, zipo lakini hakuna anayezilia. Sheria ilidai mambo mawili. Makala ziwe zimechapwa kwenye majarida, na ziwe kazi ya mwombaji mwenyewe. Kama mtu mwingine ametia mkono, lazima alete barua yenye saini kueleza yeye alifanya nini. Hilo la pili nililisoma nikapita, maana kila makala niliiandika peke yangu. Mlishike hilo, litarudi.

Profesa Kasongo alikuwa akinifundisha tangu kabla ya habari za teze; alinifundisha mambo mengi, lakini moja ndilo lililoniokoa. Katika makala ya kwanza nilikuwa na mchoro mmoja, mstari unaopanda: ukiongeza mafuta, shaba inaongezeka. Nukta zote zilikaa vizuri isipokuwa moja iliyoanguka chini kabisa, kama mlevi aliyelala mtaroni. Ilikuwa siku ya baridi ya Juni, nilipima mara mbili, ikaanguka mara mbili, na sikujua kwa nini. Siku hizo tulichora kwa wino juu ya kalki, ile karatasi inayopitisha mwanga. Nikachukua wembe, nikaikwangua ile nukta taratibu, nikapuliza vumbi, nikampelekea profesa mchoro safi.

Aliushika, akauinua kwenye dirisha.

"Hapa ulikwanguaka nini?"

"Nukta moja tu, Profesa. Ilikuwa inaharibu."

"Ilikuwa inaharibu nini, shaba ao sura yako? Irudishe. Andika chini: sababu yake hatuijui bado. Mama, mficha uchi hazai. Ile kitu inakupatisha haya leo, njo artikle ya kesho."

Nikarudi nayo Kolwezi nimenuna. Niliirudisha nukta mahali pake, na wino ukatawanyika kidogo, maana kalki iliyokwanguliwa inanyonya. Ikatoka nukta nene, mbaya, na ikachapwa hivyo hivyo.

Ilinichukua misimu kadhaa ya baridi kukubali kwamba mzee yule alisema kweli. Asubuhi moja ya Julai, zile ambazo hapa kwetu hata mbwa hataki kutoka, nilifika maabara nikakuta mawese yameganda kwenye chupa, magumu kama sabuni ya mche. Jiko la umeme lilikuwa limekufa. Nilikuwa na majaribio ya kufanya na sikuwa na subira. Basi nikachukua kitenge changu, nikaibeba chupa mgongoni kama mtoto, nikafunga mbele, nikaendelea kusaga mawe.

Mlango ukafunguka. Mkuu wa maabara, Sitwayen Banza (yaani mwananchi, ndivyo serikali ilivyotaka tuitane), aliingia na wageni wa kutoka Kinshasa, wote wamevaa abakosti, suti za enzi hizo zisizo na tai, zimenyooshwa pasi. Akanitazama mgongo.

"Kapinga! Ulizala lini?"

"Yuzi, sitwayen."

"Na unaleta mutoto ku kazi? Mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni mawese, sitwayen. Anasikia baridi."

Wale wageni walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia la sampuli. Banza hakucheka, alikuwa anawaza angeandika nini kwenye ripoti. Lakini mafuta yalipolainika nikayatumia, na shaba ikapanda kuliko wiki nzima. Nikasimama pale na chupa mkononi, nikakumbuka ile nukta ya mlevi. Juni! Mafuta ya siku ile yalikuwa yameganda vipande vipande ndani ya maji, yanaelea hayashiki kitu. Nikapiga kelele peke yangu. Hiyo ikawa makala ya tatu: baridi na mawese.

Sasa majina. Hapa ndipo kasheshe ilipozaliwa, tegeni masikio.

Jina nililopewa siku ya kuzaliwa ni Kapinga. Lilikuwa jina la bibi yangu, mama mzazi wa baba. Kwetu mtoto akibeba jina la mama yako, humwiti kwa jina kama unaita mtoto wa jirani. Unamwita Mama. Basi baba yangu, Tata Mukendi, dereva wa zamani wa treni za machimboni, aliniita Mama tangu nikiwa mchanga. Akinibembeleza, Mama. Akinigombeza, vilevile: "Mama, kichwa yako iko nguvu sawa reli!" Kapinga sikuwahi kulisikia kinywani mwake hata siku moja, na wala sikuona ajabu.

Masista wa shule hawakuwa na habari na bibi yangu. Waliniandika Marie-Thérèse kwa ubatizo na Mukendi kwa upande wa baba. Hivyo makala ya kwanza ikatoka kwa jina la Mademoiselle Marie-Thérèse Mukendi. Wino haujakauka, serikali ikasema majina ya kizungu basi, kila mtu arudie ya mababu. Nchi ilikuwa imeshabadilishwa jina, mto pia, pesa pia, mkoa wetu ukaitwa Shaba, na sisi wenyewe tukapanga mstari ofisini, tukatoka watu wapya. Mimi nilitoka Sitwayeni Kapinga Mbombo. Makala ya pili ikabeba jina hilo. Kisha nikaolewa na Ilunga, mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyejua kugombana hata na mbuzi. Makala ya tatu nikaituma Ulaya kwa sanduku lake la posta, na wale wa jarida, kwa adabu zao, wakachapa: Madame Ilunga. Nilicheka tu. Ya nne nikarudia Kapinga Mbombo.

Kolwezi hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alikuwa na jina la jana na jina la leo. Ukimtafuta fundi Dieudonné unaambiwa sasa ni Kazadi, unasema haya, unamfuata Kazadi. Tulikuwa tumezoea mno. Si mimi, si profesa, si yule daktilo aliyepiga chapa kurasa zangu zote, hakuna aliyeona kwamba juu ya makala nne walikuwa wameketi wanawake watatu.

Nilipomaliza ya nne, nikazifunga zote kwa kamba ya katani, nikaweka jalada gumu, nikapanda treni kwenda Lubumbashi. Profesa Kasongo alizipekua akazisukuma pembeni.

"Hii ni soko, haina teze."

"Profesa, ni we ulisema tutafunga!"

"Nilisema tutafunga, sikusema tutafunga na kamba. Kila moja inasema habari yake. Inajuana na benzake wapi?"

Niliumia, kwa sababu alisema kweli. Nikarudi nyumbani nikazisoma kwa jicho la mgeni. Aibu! Kiasi cha shaba tunachopata, katika makala ya kwanza nilikiita R, katika ya pili E, na katika ya tatu nilitumia herufi ya Kigiriki, maana nilikuwa nimeolewa karibuni na kila kitu nilikiona kizuri. Namna ya kusaga mawe nilikuwa nimeieleza mara nne, kila mara kwa maneno tofauti, mpaka mtu angedhani tuna vinu vinne. Ndiyo sababu nawaambia: kabla ya kuandika makala ya kwanza, chagueni alama zenu na mkae nazo kama ndoa ya kanisani.

Kilichonitoa kwenye tope ni swali la mume wangu. Ilunga alikuwa anakula bukari, ugali wetu, akaniuliza bila hata kuinua macho: "Lakini Kapinga, we unatafuta nini miaka yote hii?" Nikamjibu kwa hasira: nataka kujua kwa nini mafuta yale yale na jiwe lile lile, leo yanakubali, kesho yanakataa. Akasema, "Basi andika vile." Akaendelea kula.

Nikaandika vile. Mafuta yana wezi. Makala ya kwanza ilionyesha udongo laini unavyoyanywa. Ya pili ilionyesha jiwe jeupe la chokaa linavyojifanya shaba na kupanda nayo. Ya tatu, baridi. Ya nne, yale maji tunayoyatumia tena na tena, namna yanavyoyageuza mafuta kuwa utando usio na kazi. Kurasa za mwanzo zikauliza swali, kurasa za mwisho zikajibu, na kila makala ikapata ndugu zake. Nimewahi kuona vijana wanaanza na utangulizi, wanakwama miezi. Utangulizi wa teze ya makala unaandikwa mwisho, ukishajua ulikuwa unakwenda wapi.

Profesa alisoma, akasema, "Sasa," akapanga siku ya utetezi.

Siku hiyo haikuwa ya mchezo. Kampuni ilikuwa inafungua idara ya utafiti hapa Kolwezi, na mkurugenzi alikuwa ameniambia waziwazi: ukipita safari hii, idara ni yako, usipopita, tunaleta mtu wa nje, hatuwezi kungoja mwaka. Na nikikosa ningengoja mwaka kamili, kwa sababu mjumbe mmoja wa juri, wale watahini, alikuwa Mpolandi aliyekuja mara moja kwa mwaka, Profesa Yanek, mrefu, mkavu, mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso. Juu ya hayo, baba alikuwa ameshatangaza kambi nzima ya wafanyakazi. Watu wa Mutoshi walikuwa wananiita Docta wiki mbili kabla. Mama Ngalula alikuwa ameshanunua kuku.

Ukumbi ulijaa. Baba alikaa mstari wa mbele na kofia mapajani, Ilunga pembeni yake akitafuna kucha. Nilieleza wezi wangu wanne, mambo yakaenda kama maji. Kisha Profesa Yanek akapewa zamu. Alizungumza Kifaransa polepole, kila neno analiweka mezani.

"Nimesoma kwa raha. Kazi ni nzuri. Lakini sioni barua."

"Barua gani, Profesa?"

"Za hawa mabibi wengine wawili. Mademoiselle Mukendi ameandika makala ya kwanza. Madame Ilunga ameandika ya tatu. Wewe umeandika mbili tu. Wenzako wako wapi?"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka mpaka wajumbe wa juri. Mwenyekiti, sitwayen mnene aliyebanwa na abakosti yake, alijifuta macho.

"Profesa, hao bote ni yeye! Hata mimi nilikuwa Ferdinand."

Lakini Yanek hakucheka. Alishusha miwani ya pajini, sasa akawa na yote miwili puani, akasema hana sababu ya kunishuku, lakini sheria ni sheria, na karatasi iliyo mbele yake ina watu watatu. Kitambulisho changu kilisema Kapinga Mbombo tu. Cheti cha ubatizo kilikuwa parokiani, Kolwezi. Alisema kwa upole kabisa kwamba anapendekeza tuahirishe hadi ziara yake ijayo.

Kicheko kikafa. Niliona idara inaondoka, naona kuku wa Mama Ngalula anazeeka. Nikashika meza. Profesa Kasongo akaanza kubisha, mwenyekiti akainua mkono, na katikati ya yote hayo baba akasimama.

"Mi njo nilimuzala," alisema. "Muniulize mi."

Mwenyekiti akamtafsiria Yanek. Yanek akainama kwa heshima, akauliza: huyu binti anaitwaje?

"Mama," akajibu baba.

"Na Mademoiselle Mukendi?"

"Ni Mama."

"Na Madame Ilunga?"

"Bwana yake ni huyu hapa anakula kucha. Ye pia ni Mama."

Jamani! Ukumbi ulivunjika. Yanek alikuwa amekuja na wanawake watatu, sasa anao wanne. Hata mimi nilicheka, pamoja na hofu yangu. Lakini yule Mpolandi hakuwa mtu mbaya. Alifungua makala ya kwanza, akaweka kidole juu ya mchoro.

"Basi nitauliza kitu ambacho hakikuandikwa popote. Nukta hii ni nene kuliko zote. Tangu nilipoisoma mara ya kwanza inanisumbua. Aliyeichora tu ndiye anayejua."

Nilimtazama Profesa Kasongo. Yeye alikuwa anatazama dari, anajizuia kutabasamu.

Nikaeleza. Wembe, kalki, dirisha, "irudishe", wino uliotawanyika. Nikasema yule binti wa makala ya kwanza hakujua kwa nini nukta ilianguka, akaiacha na aibu yake, na kwamba Madame Ilunga alikuja kumjibu baada ya kubeba chupa ya mawese mgongoni asubuhi ya baridi. Mademoiselle aliuliza, Madame akajibu. Kama hawakuwa mtu mmoja, nilisema, basi walikuwa wanazungumza usiku ndani ya kichwa changu na mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Yanek alivua miwani yote miwili.

"Ujanani nilichora kalki kwa mshahara," alisema. "Wino unatawanyika hivyo penye wembe, na penye wembe tu. Sihitaji barua."

Makofi yakaanza, lakini mwenyekiti akayakata. Kulikuwa na karatasi ya mwisho, ya katibu, ya kuandika kwamba majina haya matatu ni ya mtu mmoja, na mzazi aliyepo ndiye shahidi. Akamgeukia baba.

"Tata, katibu anaandika. Mama haiandikike. Tunaomba jina yake."

Baba alisimama tena. Alishika kofia kwa mikono miwili, akaizungusha.

"Bwana mukubwa, unaniomba kitu ya nguvu."

"Ninajua, Tata. Hata mi, mutoto wangu anabeba jina ya baba yangu. Ninajua."

Alinitazama. Mimi nilitaka kusema basi, aachwe, tutafute njia nyingine, lakini alinitangulia. Akanyoosha mgongo, kama alivyokuwa akisimama kwenye picha yake ya zamani ya treni.

"Kapinga," alisema. "Kapinga wa Mukendi. Marie-Thérèse njo ye. Muke ya Ilunga njo ye. Hakuna bengine."

Akaketi, akajifunika uso na kofia. Mimi ambaye sikulia kwa swali la Yanek, nililia pale mbele ya juri nzima, na katibu akaandika.

Nilipita. Idara nikaipata, nikaiongoza mpaka kustaafu, na kuku wa Mama Ngalula tulimla na mawese ya kweli. Tulipotoka ukumbini watu wote walikuwa wanapiga kelele Docta, Docta, lakini baba alinivuta mkono pembeni. "Mama," alisema, "hawa batu habana chakula? Njaa inaniua."

Basi vijana, mkiandika makala, andikeni jina moja toka ya kwanza hadi ya mwisho, hata mkiolewa, hata serikali ikibadilika. Acheni nukta zenu mbaya mahali pake. Utangulizi uwe wa mwisho. Mengine mtajifunza wenyewe.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniita Mama kila siku mpaka siku yake ya mwisho, hospitalini, akiomba maji. Lile jina alilitaja mara moja tu maishani mwake, mbele ya watu wageni, ili mimi nipite.